Jagi la Kalibu

Saa mbili asubuhi mfinyanzi alikuwa amekwisha kukanda udongo wake mara mbili, na mgongo umeshaanza kulalamika. Udongo haupandi kwenye gurudumu mpaka ukandwe hewa yote itoke. Kikibaki kiputo kimoja tu ndani, chombo hupasuka tanurini na kuvunja vyote vilivyo jirani. Kwa miaka ishirini na sita chombo chake hakikuwahi kupasuka hata kimoja. Kwa miaka hiyo hiyo alikuwa kibarua. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa inashughulikiwa, na wale walioanza kuishughulikia walikwisha kustaafu, tena kwa sherehe.

Msimamizi wa karakana, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, aliingia na mgeni aliyebeba ndoo na mfuko wa unga mweupe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Leo achana na vyungu. Tunataka jagi moja tu, lakini liwe lile lako lenyewe, lile zuri."

"Moja? La nini?"

"Sampuli tu, Mzee. Usiwe na wasiwasi."

Kwenye meza ya pili alikaa Mama Vishikio, aliyeitwa hivyo kwa sababu kutwa nzima alibandika vishikio vya vikombe. Alingoja wale wawili watoke.

"Sampuli, wapi! Yule ni fundi wa kalibu. Watachukua umbo la jagi lako kwa plasta, halafu mtu yeyote anamimina udongo wa maji humo ndani, jagi hilo limetoka. Hata mjukuu wangu ataweza."

"Nani kakwambia?"

"Nimeiona karatasi nikifagia ofisini. Magurudumu yanauzwa, baba. Na wewe huna kazi."

Mfinyanzi aliogopa, tena sana. Nyumbani walikuwa watu watano, na wote walikula kwa mikono yake. Asubuhi ile kabla hajatoka mkewe alikuwa amemwambia, "Wakikukera, nyamaza. Ukifukuzwa, mimi na wajukuu hawa tutakwenda wapi?"

Akanyamaza. Alikanda udongo kwa mara ya tatu, na alipomaliza akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alitoboa shimo kwa kidole, akalifunika na kuifungia hewa ndani, upande ambao ungekuwa kitako cha jagi. Jagi likipasuka tanurini watamwomba lingine, na lingine, na mwezi utakatika yuko kazini. Alijionea aibu, lakini akaketi kwenye gurudumu.

Kitako alikiharibu, ila umbo mikono ilikataa kuliharibu. Udongo ulipanda bila kuyumba. Tumbo likajaa, shingo ikaingia ndani kidogo, mdomo ukakaa sawasawa. Alibandika kishikio na kukikandamiza chini kwa dole gumba, kama alivyofanya siku zote, alama ikabaki.

Mchana, jagi lilipokuwa limekauka nusu, fundi wa kalibu alikuja kulichukua.

"Hulipeleki tanurini kwanza?" mfinyanzi aliuliza.

"Tanurini kwa nini, Mzee? Kalibu tunaichukua udongo ukiwa mbichi."

Miaka yote hiyo hakuna chombo cha mfinyanzi ambacho hakikupitia motoni, na wala hakuwaza kwamba kingekuwepo. Fundi alimimina plasta upande mmoja, ikashika, akamimina wa pili. Saa kumi alifungua vipande vyote viwili na kuanza kubandua udongo. Kitako kilitoka kimegawanyika, na katikati yake palikuwa na shimo la ukubwa wa punje ya haragwe.

"He! Mzee, hewa hii hapa! Umeanza kuchoka nini?"

Watu waliacha kazi wakatazama. Msimamizi alikishika kile kipande, akakigeuza.

"Hili lingetuvunjia tanuri zima. Sasa si mnaona kwa nini tunaleta kalibu?" Akachomoa kalamu. "Itabidi niandike uzembe, Mzee. Hukukanda."

Hukukanda! Mfinyanzi alifungua mdomo. Akisema alifanya makusudi, watamwita mharibifu, na pengine wataita polisi. Akinyamaza, ataondoka akiitwa mzembe.

"Bahati mbaya, mkubwa," alisema.

Mama Vishikio alisogea akapapasa ndani ya kalibu, pale kishikio kinapoishia. Palikuwa na kinundu kidogo chenye mistari ya ngozi.

"Dole lako hili hapa," alimwambia mfinyanzi kwa sauti ya chini. "Litatoka kwenye kila jagi."

"Ah, hilo nalisawazisha," fundi wa kalibu alisema. Alichukua msasa, akapitisha mara mbili, kinundu kikaisha.

Unga mweupe ulidondoka sakafuni. Na kwa kuwa saa za kazi zilikuwa hazijaisha, msimamizi akampa mfinyanzi ufagio.