Mkwe Haguswi

Watu wa Ifakara walisema vidole gumba vya Shilinde vikimbonyeza maiti kisigino, maiti angeketi na kuomba chai. Hapo walitia chumvi. Lakini wakata miwa wa Kidatu walishuka kwenye basi wamejikunja kama ndoana, wakaingia chumbani kwake nyuma ya soko, wakatoka wamenyooka kama nguzo za umeme. Hilo hata wabishi walilikubali.

Kazi hiyo alifundishwa Dar es Salaam na mama mmoja wa Kijapani. Inaitwa shiatsu: unambonyeza mtu kwa vidole, viwiko, hata magoti, ukifuata njia ambazo nguvu ya uhai inapita mwilini. Mwishoni mama yule akamwongezea na reiki, ya kuelekeza viganja hewani bila kumgusa mgonjwa. Shilinde aliipokea kama nyongeza ya dagaa sokoni: huikatai, lakini si uliyoifuata.

Mkewe, Noela, alikuwa Mndamba wa Mchombe, na mama yake, Bibi Domitila, alikuwa hajameza bado habari ya binti yake kuolewa na Msukuma. Kuna mwaka ng'ombe wa Wasukuma waliingia kwenye mpunga wake, na alivyosimulia ungedhani Shilinde mwenyewe ndiye aliyetangulia mbele akipiga filimbi. "Mkwe wangu ni yule mwenye mkia," aliwaambia majirani. Shilinde alimwamkia kwa mbali, amechuchumaa, macho chini, maana kwa Wasukuma na kwa Wandamba mkwe haguswi. Bibi Domitila aliuitikia mlango, si yeye. Akiwa na la kusema, alimtuma Noela: "Mwambie huyo."

Kisha mgongo ukaanza kumsumbua. Noela akamleta Ifakara.

"Baba Ngusa," akamwambia mumewe, "mbonyeze mama."

"Nimbonyeze mkwe? Unataka nilaaniwe na makabila mawili kwa mpigo?"

Ndipo akaikumbuka ile nyongeza.

Bibi Domitila akaketi kwenye kigoda, uso ukutani, vitenge viwili mgongoni. Shilinde akasimama nyuma, viganja mbele, kama mtu anayeota moto uliozimika. Hakusikia chochote ila aibu.

"Uuu!" akasema mama. "Joto hilo, baba."

Baba! Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita hivyo. Shilinde alitoka nje akajifanya anakohoa.

Tangu hapo mama alikuja kila Jumamosi. Aliporudi Mchombe alitamba kisimani: "Mkwe wangu ananitibu kwa adabu. Nyie wenu wangewatomasa kama maparachichi!" Akaanza kuwaletea mchele mpya na kambale wa kukaushwa. Ila kila alipokuja hatua zilikuwa fupi zaidi, na jioni homa ilimpanda.

"Mama, twende hospitali," Noela akasema.

"Hospitali ya nini, na mganga ninaye ndani ya ukoo?"

Noela akamgeukia mumewe. Shilinde alikuwa na maneno machache tu ya kusema: mama, hii haitibu mgongo wako, nenda. Yakamfika kwenye meno. Akauona uso wa mkwe wake umechanua kwa ajili yake, akayameza.

Jumamosi moja kigoda kikamshika. Miguu ilikataa kabisa. Bajaji ikaitwa, dereva akabaki kwenye usukani anapiga honi, na Noela peke yake hakumweza.

Bibi Domitila akajifunika khanga usoni. "Ninyanyue, baba. Sikuoni."

Shilinde akamnyanyua. Kabla hajafika mlangoni, kidole gumba chake kilikuwa kimeshajua. Katikati ya uti wa mgongo palikuwa na nundu ngumu kama fundo la mwanzi. Aliwahi kulikuta la namna hiyo kwa mpasua mbao wa Uchindile, akamtuma hospitali siku ileile, na mpasua mbao sasa anacheza mpira. Angeweza hata kumwomba Noela apitishe kidole mgongoni kwa mama yake. Hilo nalo lilimjia ndani ya bajaji.

Daktari akasema ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zingeuponya ugonjwa. Miguu, hakuahidi. Akazichoma nyayo kwa sindano; mama hakushtuka.

"Ina maana muda wote huu hakuna aliyeushika mgongo huu?" daktari akauliza.

Noela alimtazama mumewe, halafu akatazama dirisha. Mpaka leo anamtazama hivyohivyo.

Siku hizi Bibi Domitila anaishi nyumbani kwa Noela na mumewe, kwenye kiti cha magurudumu, na kila mgeni anasimuliwa: bila mkwe wangu ningekuwa nimeoza. Wagonjwa wamezidi.

"Baba," humwita, "nielekezee kidogo miguuni."

Shilinde anachuchumaa kwa mbali, macho chini, ananyoosha viganja.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia. Joto hilo."