Sauti ya Arobaini na Saba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na vyombo vyangu vyote vinalijua hilo. Alhamisi ile, kabla hata ya saa nne asubuhi, nilikuwa nimeshagonga meza mara tatu. Spika zilikuwa zinakwaruza, kompyuta imepata moto, na kile kipimo cha kuonyesha imelemewa kiasi gani kilikuwa chekundu tangu nilipoiwasha. Nilichokuwa natafuta ni sauti moja tu. Siku ya nne hiyo, na bado sijaipata.

Naitwa Moureen. Nina chumba cha kurekodia muziki hapa Chepilat, nyuma ya duka la mbolea, kuta zimebandikwa trei za mayai na mlangoni kuna blanketi. Wateja wangu ni kwaya, waimbaji wa harusi, na wahubiri wanaotaka sauti zao zitoke nene kuliko Mungu alivyowapa. Tuko mpakani, kwa hiyo wanakuja Wakisii, wanakuja Wakipsigis, na wote huambiwa neno moja wakiingia: zima simu.

Miaka miwili iliyopita alikuja Mwalimu Chemutai kutoka Sigor, na wimbo alioutunga mwenyewe wa kumshukuru Mungu kwa ng'ombe. Usicheke. Ni ng'ombe aliyekamuliwa miaka kumi na mmoja na kusomesha watoto sita, na Mwalimu alipouimba kwa Kikipsigis, mimi Mkisii nisiyeelewa hata nusu ya maneno nililia mpaka nikasahau kuangalia mitambo. Nyuma yake niliweka sauti moja tu ya sintesaiza, ile ya kwenye kompyuta, nambari arobaini na saba kwenye orodha. Ilikuwa inavimba na kunywea polepole, inavimba na kunywea. Mwalimu aliisikiliza kwenye hedifoni, na kila mstari alisubiri ivimbe kwanza ndipo aingie.

Tuliuacha wimbo hapo, arudi siku nyingine na kwaya ya kuitikia tuumalize. Hakurudi. Alifura shingo, akafanyiwa upasuaji, akapona, lakini sauti haikupona naye. Siku hizi anaongea kwa mkwaruzo wa chini, na darasani anapiga makofi ndipo watoto wanyamaze. Kompyuta yangu nayo iliungua siku radi ilipopiga karibu na soko. Diski ya pembeni ilisalimika, kwa hiyo sauti ya Mwalimu ninayo, safi, peke yake. Hata noti nilizopiga ninazo. Kilichopotea ni ile arobaini na saba yenyewe, kwa sababu walioitengeneza programu ile ya sintesaiza waliacha kuitoa zamani, na kwenye hii kompyuta yangu ya mtumba inakataa kabisa kufunguka.

Nilimtumia Mwalimu wimbo nikiwa nimeweka piano. Nikamtumia tena na kinanda cha kanisani. Alijibu kwa kuandika, maana kuongea kwenye simu kunamchosha: "Hapo naskika kama mtu amelewa. Kama si ile, futa tu. Nakuja Jumamosi tumalize hiyo maneno."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Bila ile sauti ya kuvimba, anaonekana anachelewa kila mstari bila sababu. Lakini kufuta! Hakuna mahali pengine popote Mwalimu Chemutai anaimba, isipokuwa kipande cha sekunde arobaini alichojirekodi kwa simu siku ile hapa studioni wakati wa mazoezi, akanitumia, arobaini na saba ikilia nyuma kupitia spika. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kiongozi wangu. Nilikuwa nakicheza, nasikiliza, natengeneza, nakosea, nakicheza tena.

Nilikuwa natengenezea kwenye programu nyingine, ya bure, isiyo na sauti yoyote iliyo tayari. Inakupa vipande. Kuna kinachotoa mlio, kuna kinachochuja makali yake, kuna cha kuupandisha na kuushusha, nawe unaviunganisha kwa nyaya zilizochorwa kwenye skrini. Ni kama kupika, na mimi ni mpishi wa kutia kila kilicho jikoni. Kila noti niliipa vipande vinane vya kutoa mlio, vikipishana kidogo, kila kimoja na kichujio chake, juu yake mwangwi, juu ya mwangwi vitu vya kuzungusha sauti polepole ili ivimbe. Noti moja ilitoka vizuri kiasi. Wimbo unataka nne kwa pamoja. Nilipobonyeza nne, kompyuta ilikohoa ikanyamaza.

Nikagonga meza mara ya nne, nikakicheza tena kile kipande kwenye simu.

"Hiyo kitu imeharibika," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa baba yangu, mzee Arasa, ameniletea chai kwenye thamosi. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai kwa miaka thelathini na moja. Kazi yangu haiiti kazi, huiita "ile kitu yako".

"Baba, tafadhali. Najua imekwama. Niko na kazi."

"Sisemi kompyuta. Nasema hiyo inalia kwa simu. Hizo ni feni mbili, na moja imechoka."

Nilitaka kumjibu vibaya, na ningemjibu, ila alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha waimbaji na kuinamisha kichwa. Nilimjua baba akiinamisha kichwa namna hiyo. Kiwandani alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini wake sikioni, halafu anakwambia ni bearing gani, zile gololi za kuzungushia, itakufa wiki ijayo.

"Cheza tena," akasema. Nikacheza. "Eeh. Ni zile feni kubwa za kupuliza majani ikiwa bado mbichi, inyauke kabla ya kusagwa. Ukiwasha mbili karibu karibu, na moja ichelewe kidogo, kidogo tu, unasikia hivyo. Wuu, wuu, wuu. Mimi nilikuwa naisikia kutoka kwa gate, naitisha spana kabla nifike ndani."

"Sasa ni nini inazunguka hapo, inafanya ivimbe?"

"Hakuna kitu inazunguka, Moureen. Hii inaenda spidi yake, ile inaenda yake. Zikipatana, inavimba. Zikiachana, inanywea. Ni hivyo tu."

Nilihisi uso ukiwaka. Siku nne nilikuwa natafuta kitu cha kuisukuma sauti juu na chini, na baba yangu, asiyejua kuwasha hata hii kompyuta, amekaa dakika mbili tu akaipata. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa yangu mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumtupia.

Nikaanza kutoa. Nilitoa vitu vya kuzungusha.

"Ile kuvimba bado iko?" akauliza baba.

"Bado iko."

"Basi haikuwa na kazi. Toa ingine."

Nikatoa mwangwi. Nikapunguza vipande vya mlio, vinane vikawa sita, sita vikawa vinne, mpaka kila noti ikabaki na viwili, kimoja kikienda nyuma ya kingine kwa unywele. Nikaondoa vichujio vyote, nikaweka kimoja tu mwishoni noti zote zipitie hapo. Kipimo kilishuka kutoka kwenye wekundu mpaka chini kabisa kwenye kijani. Nikabonyeza noti nne. Zikalia zote, laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la mbolea akaja kuchungulia.

"Ngoja kwanza," baba akasema. "Ya juu inakimbia."

Ni kweli. Noti ya chini ilikuwa inavimba pole, ya juu inatetemeka haraka, kwa sababu nilikuwa nimeweka tofauti inayoongezeka kadiri noti inavyopanda. Nikaibadilisha, zote zikapata tofauti moja. Baba akavua saa yake, akacheza kile kipande cha simu mwenyewe, akahesabu kwa midomo. Mara saba kwa sekunde kumi. Nikageuza kitufe pole pole, yeye akihesabu, tano, sita, mpaka akainua kidole.

"Hapo. Sasa nipatie spana nitengeneze hiyo feni," akasema, na sote wawili tukacheka mpaka chai ikamwagika. Nilimpenda sana baba yangu saa ile, na nilimwambia. Akasema nifute meza.

Jumamosi Mwalimu Chemutai alifika mapema, mvua ikiwa bado haijaanza. Akanisalimu "chamgei" kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, akamsalimu baba, ambaye alikuwa amejitafutia kazi ya kupaka bawaba za mlango mafuta ili awepo. Akaketi, akavaa hedifoni. Nikabonyeza, nikageukia ukuta. Sikuweza kumtazama usoni.

Wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Si ile."

Nikageuka kutoka ukutani.

"Ile ilikuwa imejaa sana," akaendelea. "Hii iko na nafasi. Nasikia hata nikivuta pumzi. Sikuwa najua navuta pumzi hivyo." Alijifuta macho kwa kiganja, bila haraka na bila aibu. "Moureen, ulifanya nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ile ya zamani ilikuwa na marembo mengi juu yake, na kompyuta hii haiwezi kuyabeba, kwa hiyo nimeacha kile tu alichokuwa anakisubiri ili aingie. Kama anataka niongeze, naweza kujaribu kidogo.

"Usiongeze kitu." Akasimama. "Washa maiki."

"Mwalimu..."

"Sauti yangu naijua. Wimbo unataka mtu wa kuitikia. Nilikuwa nilete kwaya, ikakosa kufika. Washa."

Nikawasha. Alimsubiri yule Chemutai wa miaka miwili iliyopita arushe mstari, naye akamwitikia, chini, kwa mkwaruzo, nusu akiimba nusu akisema. Mstari wa kwanza alikohoa, akanionyesha mkono nirudishe. Wa pili ukashika. Ningemweka juu ya ile arobaini na saba ya zamani, ingemmeza mzima mzima, nisisikie hata neno. Hapa alikuwa anasikika kila silabi. Baba alikuwa ameacha bawaba, kofia mkononi, na mimi nilikuwa nalia tena, safari hii macho yakiwa kwenye vipimo.

Alipomaliza alivua hedifoni sikio moja.

"Imeingia?"

"Imeingia, Mwalimu. Yote."

"Basi rudisha mwanzo," akasema. "Mstari wa tatu nimeukimbiza."