Bwawa Si Josho

Mzee Magige alikuwa na ng'ombe miaka mingi kabla hajawa na hoteli, na aliyeajiriwa kwake alilijua hilo siku ya kwanza. Wahudumu aliwahesabu jioni kama anayeingiza mifugo zizini. Mgeni akisifia chumba, Mzee alimjibu kwa habari za fahali. Na bwawa la kuogelea, lile la vigae vya bluu lililowatoa watu Musoma mjini, wenye ziwa zima mlangoni, waje kulowana hapa Bunda, alilisimamia kwa akili ile ile ya josho lake la kuogeshea ng'ombe kule Butiama.

Bhoke, mtunza bwawa, alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Ijumaa ile kicheko kilimkauka.

Alipofika asubuhi alipokewa na harufu, ile inayochoma pua na kutoa machozi. Ilikuwa likizo, na wiki nzima bwawa lilikuwa limebeba kila aina ya mtu: waliotoka mpirani na jasho lao, waliojipaka mafuta mpaka wanateleza, na vitoto ambavyo choo vinakiona mbali. Mzee Magige alisimama ukingoni, akavuta pumzi, akakunja uso.

"We Bhoke, unataka kuniulia wageni? Dawa imezidi. Usiweke tena mpaka harufu iishe."

"Mzee, haijazidi. Imekwisha."

"Imekwisha, na inanuka hivi? Josho likinuka, dawa ni kali. Likiacha kunuka, tunaongezaga. Leo utanifundisha kuogesha?"

"Kuogesha ng'ombe, hapana. Hao nimekuachia."

Mzee hakucheka. Bhoke akachota maji kwenye kichupa cha kupimia, akatia kidonge cha kwanza. Maji yakawa waridi hafifu, kama mtu aliyepaka rangi ya mdomo akaifuta. Akatia cha pili, yakaiva wekundu.

"Ona. Cha kwanza kinaonyesha klorini iliyo huru, ile inayoua vijidudu. Ni kidogo mno. Cha pili kinaonyesha na ile iliyoshikwa na jasho na mkojo. Hiyo iliyoshikwa ndiyo inayokuchoma pua, na kazi haifanyi. Imebaki kelele tu. Dawa yake ni kuongeza klorini nyingi kwa mpigo mpaka uchafu wote uungue, halafu mtu asiingie mpaka ishuke."

"Asiingie? Kesho kuna kipaimara cha binti wa Marcelina! Basi zima la watoto linatoka Musoma. Bwawa litafunguliwa, na dawa usiguse. Ukigusa, huna kazi hapa."

Akaondoka, fimbo ikigonga vigae.

Bhoke alibaki anayatazama maji. Yalikuwa yanameta kama hayana kosa. Lakini alishafanya kazi kwenye bwawa jingine kabla ya hili, akaona sherehe ikigeuka foleni ya watoto wanaoharisha, na maji yao nayo yalikuwa yanameta. Kazi alikuwa anaihitaji kuliko kitu chochote. Wenye nyumba huwa hawapokei msimamo badala ya kodi.

"Basi na anifukuze," aliyaambia maji. "Ila atanifukuza nikiwa nimeshatia."

Mchana akatia asidi kidogo kidogo, maana maji ya kisima kile yalikuwa na magadi, na klorini kwenye magadi inalegea. Akaacha pampu iyazungushe. Jua lilipopoa akajaza ndoo maji, akafunga kitambaa puani, akasimama upepo unakotoka, akamimina unga wa klorini ndani ya ndoo. Maji juu ya unga hamwagi mtu anayependa uso wake. Alikoroga, akazunguka bwawa akimwaga. Kisha akafunga geti kwa kufuli lake mwenyewe.

Jumamosi watoto waliteremka na maboya viunoni tayari. Marcelina, mama mwenye sherehe, alifika getini na kanga begani.

"Dada, fungua basi. Wameanza kuogelea tangu kwenye basi."

"Leo hapana, mama. Kesho yakipimika vizuri, karibuni."

Mzee Magige akaja mbio na fimbo yake. Akavuta pumzi getini. Hakunusa kitu. Uso ukamng'aa.

"Hayana harufu hata chembe! Ni maji matupu haya. Fungua!"

"Ndiyo leo dawa imezidi, Mzee. Nilitia jana."

"Nilikukataza!"

"Ulinikataza."

"Umefukuzwa!"

"Sawa. Lakini ufunguo uko kwangu, na kwangu hautoki. Labda unipitishe josho na mimi."

Mtoto mmoja akacheka. Bhoke hakucheka. Akaegemeza mgongo getini.

"Mzee, nikuulize. Siku ya kuogesha, ng'ombe unawafanyaje kwanza?"

"Swali gani hilo? Unawanywesha. Akiingia na kiu, ataibugia dawa."

"Na hawa? Umewahi kuona mtoto anaogelea bila kubugia maji? Hata ukimnywesha pipa zima kabla?"

Mzee aliwatazama watoto mmoja mmoja, kama atazamavyo ndama kabla ya kumwachia, mpaka yule mdogo kabisa aliyekuwa tayari anatafuna boya lake.

Marcelina akavuta kanga. "Mzee, mimi wangu haingii."

"Nani kasema anaingia?" Mzee Magige alifoka. "Bwawa limefungwa! Nimelifunga mimi! Wapigieni muziki, wapeni mpira, wakimbizane huko majanini!"

Watoto walinuna, wakakimbia na maboya yao. Mzee akabaki getini, akimnyooshea Bhoke fimbo.

"Na wewe bado umefukuzwa. Hakuna mtu ananibishiaga mbele ya wageni."

"Kuanzia lini, Mzee?"

"Maji yakikaa sawa tu, unaondoka."

Bhoke alichomoa kichupa chake mfukoni, akageuka kuelekea majini.

"Maji ya bwawa, Mzee, hayajawahi kukaa sawa siku mbili mfululizo."