Maiki ya Dhahabu na Koo la Mzee Mulongo

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi, na ninalisema hilo mapema kabla Nasambu hajawafikia na hadithi yake.

Nilikuwa nimenunua maiki mpya ya rangi ya dhahabu, imelazwa kwenye sanduku lenye godoro nene kuliko la kitanda changu. Muuzaji pale mjini aliniambia ni kondensa, inasikia kila kitu, na kwa bei hiyo sitapata nyingine Eldoret nzima. Hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndiye sikujiuliza hicho kila kitu ni nini.

Studio yangu ni chumba kimoja cha mabati kule Langas, kuta zimejaa mablanketi na trei za mayai. Nyuma ya ukuta wa kushoto kuna kisiagi cha Macharia, na Jumamosi ndiyo siku watu wanaleta mahindi. Nimekaa na mngurumo huo miaka minne hadi siusikii tena. Vijana wanaorekodi kwangu huimba midomo ikigusa maiki yangu kuukuu, basi hata nayo haikuwa imewahi kuusikia.

Nasambu, anayeongoza kwaya ya kanisa letu, alifika saa saba mchana na babake, Mzee Mulongo wa Cheptiret, mpiga litungu, kile kinubi cha nyuzi saba. Jumatatu mzee alikuwa aingie thieta kutolewa uvimbe shingoni. Daktari alikuwa amemwambia wazi: sauti inaweza kurudi ilivyo, inaweza kurudi ikikwaruza, inaweza isirudi. Jumapili alikuwa alazwe. Tulikuwa na mchana huo tu.

"Wimbo mmoja, Phineas," Nasambu akaniambia. "Ule wa kusalimia watu. Nataka wanangu wawe nao."

"Mmoja? Na hii maiki tutatoa kumi."

Mzee alifunga njuga mguuni, akaweka litungu pajani, akaanza. Mimi nikavaa hedifoni, nikatabasamu, kisha nikaacha kutabasamu. Kisiagi kilikuwa kimeingia chumbani. Jogoo wa jirani alikuwemo. Wanawake wawili kwenye foleni walikuwa wanamsengenya mchungaji, na niliwasikia vizuri kuliko mzee.

Nikatoka mbio. "Macharia, zima hiyo mashine dakika kumi."

"Hawa watu wako hapa tangu asubuhi," Macharia akasema, unga hadi kwenye nyusi. "Nikizima, utawapikia wewe?"

Nikarudi. Upande wa Kaptagat mawingu yalikuwa yanajipanga, na mvua ikianza kwenye mabati yangu huwezi kusikia hata mawazo yako. Nikaisogeza ile maiki hadi karibu na kidevu cha mzee.

"Mzee, kaa hivyo hivyo. Usigeuke."

"Namsalimia Nasambu, yuko pale mlangoni," akasema. "Nimsalimie nikimpa kisogo?"

Alijaribu kwa ajili yangu. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akasahau maneno kwenye ubeti wa pili. Tukaanza tena, akageuka, sauti ikapotelea ndani ya kisiagi. Mara ya nne alikohoa. Nasambu alikuwa haniangalii mimi wala kompyuta. Alikuwa anaangalia shingo ya babake, na mimi nilikuwa nazungusha vitufe kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Una mara ngapi tena, Baba?" akamuuliza.

"Moja," mzee akasema. "Moja nzuri."

Nasambu akafungua mkoba, akatoa maiki ya kwaya. Wavu wake ulikuwa umebonyea, shingo imezungushwa selotepu.

"Hiyo umeibeba ya nini?"

"Nakujua."

"Mama kwaya, hiyo ni ya kutangazia matanga."

"Na matangani hakuna kelele?"

Nilikuwa na mdomo, kwa hiyo niliendelea. Nikamwambia hiyo maiki ni kiziwi. Akasema ndiyo maana ameileta: inasikia mdomo ulio mbele yake, ya nyuma inayaacha huko nyuma. Nikamwambia mzee hatulii mahali pamoja. Akasema hajawahi kutulia, na matangani yeye ndiye humfuata nayo, anakogeuka mzee na maiki inageuka. Tone la kwanza likagonga bati.

Nikang'oa ile ya dhahabu. Ile yangu kuukuu nikaielekeza kwenye ngozi ya litungu, shubiri moja tu, kando kidogo, maana ukiilenga katikati inavuma kama debe. Nasambu akapiga magoti karibu na babake, mkono juu.

Mzee akaanza. Akageuka kwa Nasambu, mkono ukamfuata. Akageukia kiti kitupu, akamsalimia marehemu mkewe, mkono ukamfuata huko pia. Akanisalimia mimi, akaongeza Macharia na kisiagi chake. Mvua ikamwagika katikati ya wimbo na sikuthubutu kupumua hadi nyuzi ziliponyamaza.

Tukasikiliza. Mzee alikuwepo, mbele kabisa, na litungu lake. Mvua na mashine vilikuwa mbali, kama vitu vya mtaa mwingine. Nasambu alifuta macho kwa mkono wenye maiki.

Ningenyamaza hapo. Lakini ile ya dhahabu ilikuwa inaniangalia kutoka kwenye godoro lake.

"Ni nzuri," nikasema, "ila si safi. Mvua ikiisha, Macharia akifunga, turudie kidogo na hii mpya. Nasambu, usikunje uso, mimi ndiye fundi. Mzee, hii itakuchukulia hata pumzi."

Mzee Mulongo alikuwa tayari anafunga litungu kwenye shuka.

"Pumzi niachie, kijana," akasema. "Jumatatu nina kazi nayo."