Mke Mwenza Kutoka Malaya

Basi Neelavva alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe ni chuma. Mumewe, Meja Kuttappa, alipokwenda vitani alimwahidi hariri. Wanaume wengine wa Kodagu, kule milimani kusini mwa India, walirudi nayo kweli, wake zao wakaringa nayo soko zima la Madikeri. Yeye akarudi na upanga, aliokabidhiwa na ofisa wa Kijapani kule nchi ya Malaya siku Wajapani waliposalimu amri. Tangu hapo, kila jioni ni mtu na upanga wake barazani: anaufuta, anaupaka mafuta, anaukodolea macho. Jina la yule Mjapani halimtoki mdomoni. Siku ya ndoa yao kaisahau.

Lililomuuma zaidi ni sikukuu ya silaha. Kila nyumba hupanga silaha zake chumba cha taa ya ibada, zikapakwa sandali na kuvishwa maua, na katikati hukaa ile ya heshima. Kwao katikati ni upanga, kila mwaka. Jambia la fedha ambalo baba yake Neelavva alimvisha Meja siku ya harusi husukumwa huko pembeni, pamoja na bunduki ya kuwindia.

Mwaka huu, siku moja kabla ya sikukuu, wifi yake Puvvamma alikuja kumsaidia kusugua taa za shaba kwa ukwaju na majivu. Akachungulia barazani, akacheka.

"Wifi, mwenzio kashaoga, kapakwa na mafuta. Wewe nywele hizo umezichana lini?"

"Mwache. Yeye ana mtu wa kumchana."

Meja alipotoka kwenda kwa jirani kufuata nyama ya nguruwe, Neelavva akauchomoa upanga. Si anapenda ung'ae? Akaukandika ukwaju na majivu, akausugua kama sufuria iliyoungua. Hata wifi akaacha kucheka.

Kesho yake wageni wamejaa, mchuzi unanukia, Meja akauchomoa mbele yao. Lile wimbi jeupe lililokuwa likipita kwenye makali, urembo wa panga za Kijapani, halipo. Chuma kimekuwa kijivu, mabaka mabaka kama ngozi ya kenge.

"Neela. Umeuosha na nini?"

"Na ninachooshea vyombo vyote vya humu ndani," akajibu.

Meja hakufoka. Aliurudisha alani, akausukuma pembeni, akachukua jambia la mkwewe na kuliweka katikati. Neelavva alikuwa amepata alichokitaka, na sahani yake akairudisha jikoni haijaguswa.

Tena faida yake nini? Tangu siku hiyo Meja akawa na upanga asubuhi na jioni, anapigana na kutu. Alasiri moja Neelavva akachoka kuchungulia dirishani. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Nipe kitambaa."

"Utajikata."

"Nikijikata si utanishughulikia na mimi?"

Meja akacheka, mara ya kwanza tangu sikukuu, akamsogezea upande wa ncha. Neelavva akauinamia upanga.

"Sijakusamehe," akaunong'oneza, akaanza kufuta.