Wenyeji wa Hollybank

Chama cha Kwetu Kwanza kilizaliwa katika chumba cha nyuma cha baa iliyokuwa karibu na maduka yetu, na kwa kadiri nijuavyo, kilifia kwenye ngazi za bibi yangu. Wanaoandika historia za vyama vidogo kama hivi hutaja mikutano, mafarakano na matokeo ya kura. Ngazi hawazitaji. Ndiyo maana naandika mimi.

Mtaa wetu, Hollybank, uko ukingoni mwa Shard End, pale jiji la Birmingham linapokaribia kuisha. Ni majengo mafupi ya matofali yaliyojengwa na halmashauri baada ya vita, na ngazi zake za zege ziko nje, wazi kwa mvua na barafu. Bibi Jokha, mama yake mama yangu, alikuwa akiishi ghorofa ya juu kabisa tangu alipokuja kutoka Unguja. Nilikaa naye kwa sababu chuo changu hakikuwa mbali, na kwa sababu sikuona raha mahali pengine.

Waanzilishi wa Kwetu Kwanza walitoka kwa hasira katika chama kikubwa zaidi cha watu wa aina yao, baada ya kugombana juu ya nani atangulie na bendera kwenye maandamano. Kiongozi wao, Ray Tolley, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Tyseley mpaka karakana yao ilipopunguza watu. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya kusomea taarifa ya habari. Mwanzoni walichekwa. Jumamosi walisimama nje ya maduka na meza ya kukunja na bango lenye picha ya kandili, alama yao, na watu wakawapita kwenda kununua mkate. Kisha karakana nyingine ikafungwa, kliniki ya watoto ikahamishwa, na wanaosubiri nyumba za halmashauri wakazidi kuwa wengi. Tolley alikuwa na jibu moja kwa mambo yote hayo, na jibu lenyewe lilikuwa sisi.

Mwaka 2004 kata yetu ilichagua madiwani watatu kwa mpigo. Tolley alikuwa wa tatu, na wa tatu hupewa miaka miwili tu. Aliingia.

Asubuhi iliyofuata tuliukuta mlango wetu umerushiwa mayai. Nilikuwa naufuta Mjomba Vuai alipofika, bado amevaa sare yake ya depo ya treni. Alikuwa akiishi Northfield, upande wa pili wa jiji, katika nyumba ya chini.

"Mama, funga virago," alisema hata kabla ya kukaa. "Chumba kipo kwangu."

"Na hapa atakaa nani?"

"Atakaa atakayekaa."

"Basi atakayekaa ndiye mie."

"Mama, goti lenyewe halikubebi. Ukianguka kwenye ngazi zile atakuokota nani? Tolley?"

Reli ya ngazi zetu, chuma cha kushikia mkono, ilikuwa imeoza kwa kutu, watu wa halmashauri wakaja kuikata, wakasema wataleta nyingine, na hatukuwaona tena. Tangu siku hiyo Bibi alishuka kwa ubavu, mkono ukutani, mimi nimetangulia mbele yake ili akiteleza aniangukie. Siku za barafu hakutoka kabisa.

"Nakupa mpaka baridi ijayo iishe," Mjomba alisema. "Kama hakuna reli, nakuja na gari, na sitaki maneno."

Alipoondoka, Bibi alibaki anaitazama sebule yake kana kwamba ni mtu anayetaka kumuaga. Moyo uliniuma. Kule Northfield angekuwa salama, lakini angekuwa mgeni wa mwanawe. Hapa alikuwa na mlango wake.

Karatasi ya Tolley ilipenyezwa mlangoni wiki hiyo hiyo. Nilitaka kuitupa, Bibi akaniwahi.

"Nisomee."

Mimi ni mtu wa haya. Maneno makali hunikwama kooni hata yakiwa ya mwingine, na nilizoea kumlainishia Bibi mambo ya Kiingereza kabla hayajamfikia.

"Anasema… nyumba na huduma ni za wenyeji kwanza. Wageni wangoje nyuma."

Bibi alitua kikombe chake cha chai. "Wenyeji kwanza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbona maneno mazuri hayo!"

"Bibi, hao wenyeji si sisi."

"Anamsema nani basi? Batula alipokuja pale chini na watoto wake na mfuko mmoja wa nguo, nani alimpokea? Yule Mista Gough alipofiwa na mkewe, nani alimpelekea chakula mpaka akaweza kupika mwenyewe? Mie napokea watu kwenye ngazi hizi tangu wewe hujaota meno. Kama mie si mwenyeji, mwenyeji ni nani?"

Neno nililotumia lilikuwa sahihi, wala sikuwa na jingine. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la lugha yetu, ambayo mtu wa mahali na mtu apokeaye watu imewapa jina moja.

"Na hapa chini pameandikwa nini?"

"Kwamba ana surgery kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, maktaba."

"Sajari?" Macho yake yaliwaka. Sajari aliyoijua yeye ilikuwa ya daktari wake, wanakompima presha. "Diwani ana sajari?"

"Si ya dawa, Bibi. Watu huenda kumweleza shida zao."

"Sajari zote ndivyo zilivyo. Unapeleka panapouma." Akalipapasa goti lake. "Tutakwenda."

Sikujua kama hakuelewa au alielewa kuliko mimi.

Jumamosi hiyo alifunga bendeji gotini, akavaa baibui lake la sikukuu na kujifukiza udi kama anayekwenda harusini. Batula alisikia akapanda juu mbio. Alikuwa Msomali aliyelelewa Nairobi, na hakuna jambo lililompita.

"Ati mnaenda kwa nani? Kwa Tolley? Bi Jokha, huyo jamaa akikuona atazimia!"

"Akizimia tutampepea."

"Basi mimi siwezi kukosa hiyo. Ngojeni nivae viatu."

Mlangoni mwa maktaba tulimkuta Keith, mkono wa kulia wa Tolley, ana beji ya kandili kwenye koti. Alitutazama sisi watatu, akaniambia kwa upole wa kuudhi, "Darasa la Kiingereza ni Jumanne, bab." Watu wa jiji hili huitana hivyo hata wanapofukuzana.

"Mwambie Kiingereza ninacho cha kutosha kusoma karatasi zao," Batula aliniambia kwa Kiswahili, kisha akamgeuzia Keith tabasamu na kupita.

Tukapanga foleni. Nyuma yetu alisimama Mista Gough, jirani yetu wa ghorofa ya kati, kofia mkononi. Zamu yetu ilipofika Bibi aliketi bila kuambiwa, akaunyoosha mguu wenye bendeji mbele ya Tolley, akamsalimia na kumuuliza hali ya nyumbani kwake. Nilitafsiri salamu hiyo kwa sauti ya chini kabisa, nikaongeza habari ya ngazi na reli iliyokatwa.

Tolley hakumjibu. Alinitazama mimi. "Mwambie bibi yako nipo hapa kwa ajili ya watu wa hapa. Siwezi kumsaidia kila aliyeshuka kwenye ndege. Kama ngazi zinamshinda, anakotoka kuna nyumba zisizo na ngazi."

"Kasema nini?" Bibi akauliza.

"Anasema… leo ana shughuli nyingi."

"Asmahan." Hakupandisha sauti. "Maneno yake yalikuwa marefu kuliko hayo. Nipe yote."

Nikampa yote. Kila neno lilinitoka kama mwiba. Bibi alisikiliza huku akitikisa kichwa, kama anayesikiliza dua ndefu, kisha akasema, "Haya. Sasa mpe yangu, na usiyatie sukari. Mwambie nimeifuata ahadi yake. Kaandika wenyeji kwanza, na mie mwenyeji. Yeye ndiye aliyeipeleka karatasi mlangoni kwangu. Anayekuja mlangoni kwa mtu ni mgeni. Namkaribisha. Lakini reli yangu naitaka."

Foleni yote ilikuwa inatutazama. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Nikalitazama goti la Bibi lililofungwa vizuri, na jinsi alivyolitegemezea mkono bila kujijua, na haya yangu ikageuka kitu kingine. Nikasimama. Kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, nikasema: "Bibi yangu anasema yeye ndiye mtu wa hapa, na yeye ndiye anayewapokea wanaokuja hapa. Kwetu hilo ni neno moja. Umeahidi watu wa hapa kwanza, na yeye anataka reli. Ameifuata."

"Hakunipigia kura," Tolley alisema.

Nikamtafsiria Bibi. Akacheka. "Mwambie ni kweli, sikumpa. Na nilikuwa nayo."

Tolley alikunja uso. Hakujua kwamba pasi ya Tanzania, kwa kuwa ni ya Jumuiya ya Madola, inampa mkazi wa nchi hii haki ya kupiga kura kama yeye. Nililifurahia jambo hilo nilipokuwa namweleza, nalifurahia hata sasa.

"Ray," Mista Gough akasema kutoka nyuma, "reli hiyo hata mimi naihitaji."

"Tutaangalia," Tolley akasema, na hakuandika kitu.

Mwezi uliofuata tulirudi. Na uliofuata. Keith alianza kutuambia foleni imefungwa. Bibi akawa anafika kabla yake. Alimletea Tolley kitumbua kwenye kitambaa kisafi, kwa sababu mgeni hapokewi kwa mikono mitupu, na Tolley hakukigusa, akakila Mista Gough. Kila mara Bibi alianza kwa salamu ndefu, kila mara alimaliza kwa neno moja la Kiingereza alilojifunza kwa kazi hiyo: "Rail."

Januari ngazi ziliganda. Nilimsihi asitoke. Mjomba Vuai alipiga simu, sauti yake ikasikika hadi jikoni: "Mama, ukitoka leo nakuja kukuchukua leo!"

"Njoo," Bibi alimjibu. "Utanikuta sajari."

Akatandika kipande cha boksi kwenye ngazi ya kwanza, akakaa juu yake na baibui lake la sikukuu, akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mimi mbele, Batula nyuma amelishika boksi.

"Bi Jokha, hata malkia hashuki hivi!"

"Malkia ana reli, mwanangu."

Watu walifungua milango. Mista Gough alishuka vivyo hivyo nyuma yetu, anacheka na kutukana baridi. Mpaka tunafika maktaba, habari ilikuwa imetutangulia, na mama mmoja wa Kizungu ambaye sikuwahi kuzungumza naye alikuwa tayari amesimama mbele ya meza ya Tolley, anamfokea: "Unangoja bibi wa watu avunjike shingo?"

Siku hiyo Tolley aliandika. Hakufanya kwa huruma, wala simpi sifa hiyo. Alitaka tuondoke machoni pake. Lakini barua ya diwani ni barua ya diwani, na kabla baridi haijaisha mafundi walikuja, wakatoboa zege, wakaweka reli mpya ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, kutoka juu hadi chini. Mjomba Vuai, ambaye siku ile ya barafu hakuja, sasa alikuja na gari. Aliishika reli, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akala chakula cha mchana akarudi Northfield peke yake.

Reli hiyo ndiyo iliyokimaliza chama. Keith aliipiga picha, akaipeleka kwenye chumba cha nyuma cha baa, akaiweka mezani. Diwani wao wa pekee, kazi yake ya pekee iliyoonekana kwa macho, ilikuwa reli ya bibi wa Kiafrika. Walimwita msaliti. Tolley akaondoka na bendera, Keith akabaki na meza ya kukunja, na wakawa vyama viwili: Kwetu Kwanza na Kwetu Kwanza Halisi. Mwaka 2006 wote wawili walisimama katika kata yetu, wakagawana watu wao wale wale, wakaanguka pamoja. Sijaliona tena bango la kandili.

Lakini kabla ya kura hizo, jioni moja ya Aprili, tulisikia mtu anapanda ngazi akitweta. Akabisha. Alikuwa Tolley, peke yake, na karatasi zake mkononi.

"Karibu mgeni," Bibi akamwambia. Nilitafsiri neno la kwanza na la pili, yote mawili, bila sukari.

Hakuingia. Alisimama kizingitini, akasema anatumaini bibi yangu atakumbuka Alhamisi, siku ya kura, ni nani aliyemletea reli.

Bibi aliichukua karatasi, akaitazama picha, akamrudishia.

"Mwambie reli ni yangu, tangu haijawekwa. Na kura ni yangu. Vyote viwili, njia zake nazijua." Alianza kufunga mlango, kisha akaufungua tena kidogo. "Na mwambie ngazi zimelowa. Aishike reli akishuka."

Nikamwambia. Akashuka. Nilisikia mkono wake ukisuguana na chuma mpaka chini.