Mkono wa Nelius

Jumanne saa tatu asubuhi Njeru alimkuta Nelius, ambaye kijijini huitwa Mama Kaari, akikama ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu, kama ulivyokuwa tangu mkutano wa hadhara miaka mitatu iliyopita. Blauzi zake zilitiwa vifungo begani ili zivalike. Kanisani alikuwa ameshahesabiwa kuokoka mara kumi na moja, wala hakulalamika. Majirani walishazoea, huko karibu na Karurumo watu wana mahindi ya kupalilia.

Njeru alikuwa afisa wa mipango, mkaaji wa mtaa wa Majimbo mjini Embu, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Ofisi ilikuwa imempa kazi ya kuandika upya mwongozo wa kuwashirikisha wananchi katika mipango ya maendeleo, maana ule wa zamani ulikuwa na kurasa sita, nne kati yake picha. Alisema amekuja kukusanya maoni. Ukweli ni kwamba dhamiri ilikuwa ikimsuta.

Yeye ndiye aliyehesabu kura siku ile. Soko jipya lilipangwa kujengwa juu ya chemchemi ya kijiji, na Nelius aliinua mkono kuuliza swali. Mwenyekiti alikuwa na njaa. Akasema wanaokubali wainue mikono, Njeru akahesabu haraka haraka: thelathini na mmoja wanakubali, thelathini wanakataa. Mkutano ukafungwa kwa maombi. Aliuona vizuri mkono wa Nelius ukiwa juu kabla ya kura, akajua si wa kukubali, akauhesabu.

"Mama Kaari," akasema sasa, "ile siku ulikuwa unataka kuuliza nini?"

Nelius alimaliza kukama kwanza.

"Hiyo soko mkijenga hapo kwa maji, sisi tutachota wapi?"

Njeru akatazama bondeni. Paa la soko liling'aa, na chini yake palikuwa na saruji.

"Sina jibu, mama."

"Basi andika swali."

Akaandika. Mkono haukushuka, na hakuna aliyetarajia ushuke.

Mwongozo ulitoka mzuri, kurasa arobaini. Sura ya nne iliagiza kila mkono ulioinuliwa usikilizwe kabla ya kura. Wakubwa walimsifu Njeru mpaka akaona haya. Alipoomba kura ya soko irudiwe, akaambiwa mwongozo mpya ni wa mikutano ijayo.

Ulipitishwa Julai katika ukumbi mmoja mjini Embu, Nelius akiwa mgeni mwalikwa katika mstari wa mbele. Mkurugenzi aliyeongoza kikao alikuwa na mkutano mwingine saa sita.

"Wanaokubali?" akauliza.

Njeru akapita na kalamu yake. Alipofika mstari wa mbele akasita. Mkurugenzi akaangalia saa, naye Njeru akahesabu mkono ule na kusonga mbele.

Wageni walipokuwa wakinywa chai, Nelius aliomba ajaze mtungi wake kwenye bomba la maji nyuma ya ukumbi. Njeru alimbebea mpaka steji ya matatu, lita ishirini, suti ikilowa pajani.

"Umenihesabu tena?" Nelius akamuuliza njiani.

"Nimekuhesabu, mama."

"Haya. Chunga hiyo maji isimwagike."